Kabari nimeiweka kwenye begi, mwanangu

Mwanangu,

Marahaba mama. Usinijibu kwanza, soma mpaka mwisho ndo unipigie.

Jana uliponionyesha viza nilifurahi, uliniona mwenyewe, ila usiku sikulala. Sio kwamba nakuona mtoto, miaka 26 sio mtoto na duka umelishika wewe tangu mguu wa baba yako uanze kumsumbua. Ni kwamba Guangzhou, huo mji wa China unakoenda kufuata mzigo wa duka, mimi naujua, nimeenda mara 11, ya kwanza ilikuwa 2008, na kuna jambo la safari ile ya kwanza sijawahi kukuhadithia, mwanzoni kwa sababu ulikuwa mdogo, baadae kwa sababu ya aibu. Sasa unaenda peke yako, aibu naiweka pembeni.

Nianze na barabarani mana huko ndo watu wanakutisha. Mtaani wameshakwambia China wanakata figo, China wanateka watu, usiwasikilize. Pale utatembea saa nne za usiku umeshika simu mkononi na hakuna wa kukupora, kitu ambacho Kariakoo huwezi kufanya hata saa nane mchana. Zamani kulikuwa na vibaka wa pikipiki wanapita wanavuta mkoba, lakini serikali yao ikapiga marufuku pikipiki mjini tangu 2007 na sasa hivi kila kona ina kamera, wanawake wao wanarudi kazini usiku wa manane peke yao bila wasiwasi. Kitakachokugonga ni zile skuta za umeme, hazina mlio kabisa, zinapanda mpaka njia ya miguu, zinatokea nyuma yako, na hata taa ya waenda kwa miguu ikiwa kijani gari linalokata kona linakuja tu. Angalia kote kote ndo uvuke.

Watakutazama, hilo lizoee. Kuna wa kukupiga picha bila kuomba, kuna bibi atashika rasta zako, wengi hawana nia mbaya, ila hupendi sema bu yao, yani sitaki, sema kwa sauti ya kawaida huku unaondoka. Na kuna lingine ntakwambia kama mama, maeneo ya Xiaobei na Sanyuanli usiku kuna wanaume wakiona msichana mweusi amesimama peke yake wanadhani anajiuza, watakufuata wakuulize bei, wengine wachina, wengine waafrika wenzetu. Hujafanya kosa lolote, usibishane nae, ingia duka lolote lenye taa uongee na muuzaji mpaka aondoke. Usisimame kando ya barabara kusubiri gari usiku, subiri ndani.

Sasa hiyo 2008. Nilikuwa nimechukua mkopo wa kikundi, dola 4,000, nimezishonea ndani ya sketi. Hapa Dar nilipewa namba ya dada mmoja wa kwetu anaeishi kule, nikaambiwa atakupokea, utalala kwake, utasevu hela ya hoteli. Akanipokea kweli uwanja wa ndege wa kule, Baiyun, akanikumbatia, akaniita mdogo wangu, wali ulikuwa tayari umepikwa kwa nazi ya kopo. Nikala mpaka machozi yakanitoka kwa kusikia Kiswahili baada ya safari ndefu vile. Usiku akasema nipe paspoti nikutunzie mana hapa wanaiba. Nikampa. Asubuhi akasema leo usitoke, polisi wanakamata waafrika, watakurudisha kwenu, nipe hela nikununulie mimi najua bei. Nikampa dola 1,500.

Nilikaa mle ndani siku nne, ghorofa ya 17. Nilikuwa nasikia lifti ikifunguka najua ni polisi, moyo unaenda mbio, nazima taa. Sikuwa na simu ya kule, sikujua mtaa unaitwaje, sikuwa na hata karatasi yenye anwani. Siku ya tano ilikuwa Ijumaa, nikamwambia Ijumaa sikosi, nataka msikiti. Alikataa, nikalia, mwisho akanipeleka, ule msikiti wenye kaburi wanalosema ni la Saad bin Abi Waqqas, hauko mbali na stesheni kubwa ya treni. Kule upande wa wanawake nilimkuta mama mmoja wa kingazija anaongea Kiswahili, nikamweleza kwa kunong'ona. Yeye na mumewe walirudi na mimi mpaka kwa yule dada, wakakaa kwenye kochi, hawakugombana, wakasema tu tumekuja kuchukua paspoti ya binti yetu na hatuondoki bila hiyo. Baada ya kama saa moja akaitoa. Hela sikuziona tena mpaka leo.

Mwanangu nataka ulione vile lilivyokuwa. Mimi sikufungiwa mlango kwa ufunguo, ule mlango ulikuwa unafunguka kwa ndani. Nilifungiwa na maneno. Mtu alinitisha na mji ambao ungenisaidia, akajiweka yeye kuwa ndo mlinzi wangu, na nilimwamini kwa sababu alisema karibu kwa lugha yetu. Wapo wasichana wa kwetu, wa Kenya, wa Uganda, wameahidiwa kazi za saluni na hotelini kule, wakifika paspoti inachukuliwa, wanaambiwa una deni la tiketi, lilipe kwa mwili wako, na wanaowafanyia hivyo mara nyingi ni wanawake wenzao kutoka huku huku. Kwa iyo ukikutana na mtanzania kule msalimie, kula nae, muulize bei za mikoba, ila paspoti yako, hela yako na kitanda chako viwe mbali nae mpaka umjue kwa miaka.

Paspoti haitoki kwenye mwili wako. Sheria ya kule mgeni lazima atembee nayo, polisi akikuomba kwenye metro mpe, atasoma, atakurudishia, usiogope. Na kila mgeni lazima aandikishwe polisi ndani ya masaa 24 pale anapolala. Ukilala hoteli wao ndo wanakuandikisha pale pale mapokezi, ukilala nyumba ya mtu lazima muende kituoni wenyewe, na mtu anaekwambia achana na mambo ya kujiandikisha anakuingiza shimoni mana siku ukipata shida utaogopa kwenda polisi. Mimi siku zile nne sikuwa nimeandikishwa na yule dada alikuwa anajua. Viza nayo hesabu siku vizuri, ukizidisha faini ni yuan 500 kwa kila siku mpaka 10,000, na wanaweza kukuweka ndani.

Lala hoteli. Usiniambie gharama, nimezipiga mimi hesabu zake na zimo. Kabla hujalipa waulize kama wanapokea wageni mana kuna vihoteli vidogo bado wanakataa. Usije ukaenda wakati wa yale maonyesho makubwa ya biashara, ya mwezi wa nne na wa kumi, hoteli zinapanda bei mara mbili. Kadi ya hoteli iliyoandikwa kichina chukua mbili, moja kwenye simu nyuma ya kava, moja kwenye kiatu, ukipotea unamuonyesha dereva tu. Ukiingia chumbani zima taa, pitisha mwanga wa simu kwenye kidude cha moshi cha darini, kwenye soketi, kwenye kioo cha bafuni, kuna visa vya watu kuficha kamera na wachina wenyewe wanalalamika. Utapigiwa simu ya chumbani usiku, sauti itasema masaji masaji, kata. Mtu akigonga anasema ni wa hoteli usifungue, piga mapokezi uulize.

Na hapo ndo kabari inapokuja. Nimeifunga kwenye kile kitambaa cha kitenge, iko upande wa viatu. Alinichongea fundi wa Keko 2010 kwa mninga, ukiitazama upande mmoja umebonyea, ni mlango wa chumba kimoja pale karibu na Xiaobei, mtu aliusukuma saa tisa usiku, sijui alikuwa mlevi au alikuwa na kadi ya kufungulia, kufuli liliitika kabisa, ti, mlango ukaja nusu inchi ukagoma. Nilikuwa nimekaa kitandani naangalia. Akasukuma tena, ukagoma, akaondoka. Weka kabari chini ya mlango kila usiku, piga kwa kisigino iingie. Hata ukiwa umechoka vipi.

Usafiri tumia metro. Line 3 inatoka uwanja wa ndege mpaka mjini, begi litapita kwenye mashine, ni kawaida. Line 1 asubuhi na jioni za siku za kazi ina behewa la kipaumbele kwa wanawake tangu 2017, wanaume bado wanaingia lakini ni afadhali. Treni za mwisho ni karibu saa tano usiku, zikiisha ita gari kwa DiDi, ile programu ya simu ya kuitia gari. Wale wanaokuita teksi teksi pale uwanjani usiwafate kamwe, panga foleni ya teksi rasmi. Ukiita DiDi soma namba ya gari kabla hujagusa mlango, ikitofautiana hata tarakimu moja usipande, kaa nyuma, nitumie safari nione gari linavyokwenda. Mwaka 2018 wasichana wawili waliuawa na madereva wa DiDi, mmoja Zhengzhou mwezi wa tano, mwingine Wenzhou mwezi wa nane, wote walikuwa wamepanda ile huduma ya kuchangia gari. Kampuni ikaisimamisha, ikaongeza vitu vya usalama kwenye programu. Wewe ya kuchangia usipande kabisa.

Simu sasa. WhatsApp na Google hazifunguki kwa laini ya kule, kwa iyo laini yako ya hapa iwe na rominga na salio, na WeChat, ile wanayotumiana meseji wachina, tuifungue wote kabla hujaondoka, na mimi pia, mdogo wako ataniwekea. Alipay, ile ya kulipia kwa simu, unganisha na kadi ya benki ukiwa hapa hapa Dar, ikigoma utajua mapema. Hela taslimu kidogo igawe sehemu tatu. Wale wa kubadilisha dola darajani pale Xiaobei waache, noti feki zinaanzia pale, nenda benki na paspoti. Polisi ni 110, gari la wagonjwa 120. Ukizidiwa piga kelele jiu ming, yani niokoeni, watu watageuka. Ubalozi wetu uko Beijing na Guangzhou kuna ubalozi mdogo, namba nimeziandika kwenye kadaftari ka bluu mana simu inaweza kuzima chaji.

Ukialikwa kiwandani, miji ya jirani kama Foshan au Dongguan, nenda asubuhi, urudi kabla ya magharibi. Baada ya biashara watataka kukukaribisha chakula na ile pombe yao kali kwenye vikombe vidogo, sema dini hairuhusu, wanaheshimu, inua chai. Bosi mzuri hatakulazimisha. Anaekulazimisha kunywa usimpe oda.

Halafu mzigo. Siku ya safari pale uwanjani Dar atatokea mtu, anaweza akawa mama mtu mzima kabisa kavaa baibui, atasema mwanangu nipelekee kimfuko hiki cha dagaa kwa mtoto wangu anasoma kule. Hapana. Hata akilia. Hata akiwa jirani yetu, hata akiwa shangazi yako. Sheria ya China heroini kuanzia gramu 50 ni miaka 15, au maisha, au adhabu ya kifo, na kusema sikujua au nilitumwa usitegemee kutakuokoa. Ile robo ya sukari tunayopima dukani ukiigawa mafungu matano, fungu moja ndo hizo gramu 50. Unakumbuka 2013 zile barua za wafungwa wetu walioko Hong Kong wanawaonya wenzao wasikubali kubeba, baba yako alikuwa anatusomea sebuleni. Begi utalipanga wewe, utalifunga wewe, na funguo unakaa nazo wewe.

Ukitua usihangaike kunitumia picha za maghorofa, nayajua. Nitumie picha ya mlango wa chumba chako kwa ndani na kabari ikiwa chini yake. Kule ikiwa saa tatu usiku huku ndo saa kumi jioni, ntakuwa bado dukani, simu ntaiweka juu ya daftari la hesabu. Na kila usiku unitumie hivyo hivyo, siku zote kumi na mbili.

Mama yako.