Barua kwa Shee: kwa nini sikuja harusini

Kibokoni, Mombasa
Jumapili, baada ya alasiri

Yakhe Shee,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, joto tu ndilo linalotumaliza. Mama watoto anakusalimu, na Bi Zuhura kasema nikukumbushe kwamba lile deni la halua hajalisamehe.

Najua umenikasirikia. Harusi ya Mwanajuma, mtoto niliyemshonea nguo tangu za chuoni, na mimi sikutokea, simu sikushika, nikakutumia ujumbe kwamba kazi zimenizidi. Nilikudanganya. Nilikuwa naharisha.

Haya, cheka umalize, kisha usome.

Si siku moja wala mbili. Wiki tano. Sasa nipande basi la Lamu, kutwa nzima njiani mpaka Mokowe, kisha boti, nami nimevaa kanzu nyeupe? Nikaona heri ninuniwe.

Ilianza pale mifereji ilipokauka, tukawa twanunua maji ya mkokoteni, na siku mkokoteni usipopita twachota kisima cha uani. Mwanzo nilivilaumu viazi karai. Mara nne, mara tano kwa siku, choo laini, kina mafuta mafuta, chaelea, na harufu yake sikuelezi. Nikicheua, mayai mabovu. Tumbo languruma hata wateja wasikia. Mmoja aliuliza kama cherehani imeharibika. Nikaenda duka la dawa, nikapewa vidonge vya kufunga tumbo. Siku mbili nafuu, ya tatu mambo yakarudi. Nikapewa vidonge vya rangi mbili. Kisha nikamalizia dozi ya shemeji iliyobaki kabatini. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu vidonge, Shee. Siku sikuzihesabu.

Kilichonishtua ni futi. Suruali zilikuwa zikinivuka, nikajipima kiuno kama nimpimavyo mteja. Kilikuwa 38. Nikasoma 35. Nikadhani futi limejikunja, nikapima tena. 35.

Daktari niliyemwona ni kijana, rika la wanetu. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Tangu lini?" Nikaanza hadithi ya viazi, akanikata. Akasema kuhara kwa siku chache mara nyingi huisha kwenyewe, mradi mtu anywe maji na chumvi ya kutosha. Tumbo likiharisha hadi siku 14 lataka kutafutiwa sababu, na likipita wiki nne ndilo sugu, nalo laweza kuwa na mizizi mingi: vijidudu, vidonda ndani ya utumbo, tezi ya shingo, hata dawa mtu anazomeza kwa maradhi mengine. Akataka nipimwe na virusi vya Ukimwi. Hapo nilinuna, nikamtazama kwa jicho la baba. Akanieleza pole pole kwamba kuhara kwa muda mrefu kwaweza kuwa dalili, hivyo kila mtu hupimwa, mzee kwa kijana. Nikapima. Alhamdulillahi, sikuwa navyo.

Kisha choo chenyewe, siku tatu mbalimbali, kwani kuna kidudu kisichoonekana kila siku. Basi asubuhi moja nimekitia kile kikopo ndani ya bahasha ya kaki, nangoja tuktuk, nani atokee kama si Mzee Bakari. "Fundi, wabeba halua?" Nikamwambia ndiyo, ya mgonjwa. Akaomba aonje! Wallahi nilirukia tuktuk ya kwanza bila kuuliza bei.

Kikopo cha tatu ndicho kilichomfichua: kidudu aitwaye giadia. Huingia kwa maji yaliyochanganyika na choo, na dawa ya klorini tunayotia kisimani haimuui vizuri. Nilipewa metronidazo, siku zile zote ulimi kama umelamba shilingi, lakini tumbo likatulia. Maziwa nimekatazwa kwa muda mpaka utumbo upone, nanywa chai ya mkandaa kama marehemu babu. Maji sasa twayachemsha mpaka yatokote sawasawa.

Hayo yangu yamekwisha. Ninakuandikia kwa ajili ya yako.

Athumani alipita juzi. Usimgombeze, nilimbana mwenyewe nilipomwona anazungusha maneno. Asema nawe tumbo lakuendesha tangu kabla ya harusi, kwamba wakati wa karamu ulitoka mara tatu, na kwamba umeona damu ukasema ni bawasiri. Shee! Bawasiri umeipima na nani? Huenda ni hiyo kweli. Lakini mtu wa umri wetu, choo kimebadilika wiki na wiki, na damu juu yake, huyo hajipi jina la ugonjwa mwenyewe. Saratani ya utumbo huanza hivyo hivyo kwa wengine, na ikikutwa mapema hutibika. Nimekwisha litaja, nisamehe.

Na kuna jambo la pili. Si uliongezewa ile metformini ya sukari? Yule daktari kijana alisema ni katika dawa zinazoharisha watu sana. Huenda ndiyo hiyo na mengine yote ni woga wangu. Lakini usiiache kimya kimya, sukari ikakupanda. Mpelekee daktari pakiti zote, hata za majani ulizopewa na yule bwana wa Shela. Zile za kufunga tumbo usizimeze maadamu waona damu au una homa. Wala usijinyime chakula kama nilivyofanya mimi, nikazidi kudhoofu bure.

Ukiona kizunguzungu ukisimama, mkojo mchache na wa rangi nzito, homa kali, au choo cheusi kama lami, usingoje kesho. Nenda usiku huo huo. Mjukuu naye akishikwa, hizo siku 14 si zake. Mtoto hukauka kwa siku moja. Pakiti ya chumvi ya kuhara kwa maji safi ya kipimo kilichoandikwa juu yake, na ikikosekana, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, kwa lita moja ya maji safi, huku mnampeleka.

Hospitali ya King Fahd ni mwendo wa punda tu kutoka kwako. Waona haya? Mimi nimebeba kikopo mbele ya Mzee Bakari!

Niambie ukweli basi. Tangu lini hasa? Damu ni nyekundu au nyeusi, yachanganyika na choo au yaja mwisho? Lakuamsha usiku? Nguo zimekupwaya? Mama Mwanajuma ajua, au naye wamficha? Utakwenda lini, Jumatatu au Jumanne? Nikupigie saa ngapi?

Kanzu ya bwana harusi bado imetundikwa hapa dukani, nimeona aibu kuituma. Nitampa dereva wa basi la Ijumaa. Pamoja na kanzu natia futi. Jipime kiuno, uniandikie namba.

Nduguyo,
Kassim