Rejesho la kila siku linatupandisha presha

Mhariri,

Jirani yangu wa meza hapa soko la Mwaloni alichukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa. Rejesho ni kila siku, dagaa wauzike wasiuzike. Usingizi ukakata, kichwa kikawa kinamgonga, na hela ya dawa za presha akaipeleka kwa mkopeshaji. Akaanguka katikati ya wateja.

Daktari alimweleza kuwa hofu isiyokoma huufanya mwili utoe homoni zinazopandisha presha. Jamani, mwenye deni asijifiche! Tulimsindikiza kwa mkopeshaji, wakakubaliana rejesho la wiki. Kikoba chetu, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, kikanunua dawa.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ipo tangu 2018. Benki Kuu iwafuate wanaokopesha bila leseni huku masokoni.

Muuza dagaa,
Kirumba, Mwanza