Barua ya kufunga muhula: hii mambo ya blogu

Wazazi na walezi wetu,

Salamu kutoka shuleni. Tunafunga salama, ripoti mtachukua kwa mwalimu wa darasa. Leo nataka tuongee kuhusu blogu ya shule maana grupu za WhatsApp zimejaa maswali, na kuna wenye wanasema ni njia tu ya kumaliza bando.

Muhula huu shule nzima imeandika, kuanzia PP1 ya chekechea mpaka Gredi ya 9. Hao wadogo wanachora na kusimulia kwa mdomo, mwalimu anachapa vile wamesema bila kuwarembeshea. Gredi ya 4 walikuwa wanauliza mama mboga bei ya nyanya na sukuma kila wiki, wakachora grafu, wakaeleza kwa nini mvua ikizidi nyanya zinaoza shambani na bei inapanda, sasa hapo kuna hesabu, kuna kilimo, kuna Kiswahili, na hakuna mtu alilalamika ati kazi ni mingi. Junia nao, yaani Gredi ya 7 mpaka 9, walishika mada ya Mto Nairobi. Walichuja maji machafu kwa mchanga, changarawe na makaa, yakatoka yanang'aa, wakaweka picha kwa blogu wakijisifu, kumbe mtoto wa Gredi ya 6 amesoma akauliza kwa komenti: sasa mnaweza kuyanywa? Kimya. Ikabidi warudi kwa vitabu, wakapata kwamba maji kuonekana safi si kuwa salama, viini na kemikali zingine zinapita hapo hapo kwa mchanga. Mimi naona hilo swali liliwafundisha kuliko jaribio lenyewe.

Mmeuliza daftari zilienda wapi. Ziko, kila posti inaanzia kwa daftari na kalamu. Shida ya insha ya daftari ni kwamba inasomwa na mwalimu peke yake, anaweka alama, imeisha, mtoto hafungui tena huo ukurasa. Lakini akijua shangazi yake Kisumu ama mjomba yuko Qatar atasoma, anarudi mwenyewe kurekebisha tahajia bila kusukumwa. Na si tumejitungia tu, kwa CBC, ule mtaala wa umilisi, mawasiliano na ujuzi wa kidijitali ni kati ya zile umilisi 7 za msingi.

Kuhusu usalama, hapo sina mchezo. Hatuweki jina kamili, hatuweki sura ya mtoto, na komenti haionekani mpaka mwalimu aipitishe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia data ya mtoto, ndio maana tunawasumbua na fomu. Usipotaka kutia sahihi ni haki yako, kazi ya mtoto wako itabandikwa darasani na hatapoteza alama yoyote.

Sasa komenti zenu, jamani. "Hongera mwanangu, ubarikiwe" inafurahisha lakini mtoto hana cha kujibu. Muulize kitu, bei ilishuka lini, ulijuaje, mbona hukuuliza duka la pili. Na tafadhali msiwaandikie, posti ya Gredi ya 3 yenye inaanza na "aidha ni bayana kwamba" sisi tunajua imetoka wapi, kama si kwa baba ni kwa ile AI ya simu.

Bando msinunue kwa sababu yetu, chumba cha kompyuta kinabaki wazi baada ya masomo tukifungua. Likizo hii kazi ni ya daftari pekee: wenye wanaenda ushago waulize shosho ama guka vile walikuwa wanahifadhi mahindi yasiliwe na wadudu, waandike na mchoro. Wenye wanabaki Nairobi waulize mzee yeyote wa ploti. Waombe ruhusa kwanza ya kuiweka kwa blogu, na mzee akikataa, hiyo hadithi ibaki kwa daftari.

Fomu zirudi siku ya kufungua.

Mwalimu Mkuu