Zambarau peke yake haithibitishi umri wa gauni

Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu gauni la kike la sufu iliyopigwa chapa, la karne ya 19, imenifurahisha, na picha zimetoka vizuri. Ila mwandishi amekata shauri kwamba gauni hilo lilishonwa baada ya mwaka 1856 kwa sababu moja tu: maua yake ni ya zambarau. Hapo sikubaliani naye.

Ni kweli mwaka 1856 William Perkin, kijana wa miaka 18 huko London, alikuwa akihangaika kutengeneza kwinini akaambulia zambarau itokanayo na lami ya makaa ya mawe. Lakini sufu ilikuwa ikitiwa zambarau karne nyingi kabla yake, kwa marere. Hayo ni magamba na nyuzi za kijivu zinazoota kwenye miamba na miti ya pwani. Huvunwa, hupondwa, kisha hulowekwa kwenye amonia (zamani walitumia mkojo uliochacha) mpaka maji yageuke zambarau iliyokolea. Rangi hiyo hushika sufu na hariri hata bila shabu ya kushikizia rangi, pamba huikataa. Pwani yetu nayo ilipeleka marere Ulaya kupitia Unguja katika karne hiyohiyo, biashara ambayo hatuisikii sana, maana karafuu na pembe ndizo zinazotajwa kila siku. Na hata Perkin alipoingia sokoni, marere hayakutoweka: kiwanda cha Guinon, Marnas et Bonnet cha Lyon kilitoa zambarau ya marere iliyoimarishwa, ikashindana na yake.

Jambo la pili. Makala inasema mwenye gauni “alibeba mzigo wa sufu nzito”. Sisi watu wa joto tukisikia sufu tunawaza blanketi. Sufu ya kupigwa chapa ilikuwa nyepesi, laini, karibu na melimeli, na mafundi wa Mulhouse kule Alsace, mashariki mwa Ufaransa, walisifika kwa kuichapa. Kazi yenyewe haikuwa rahisi. Rangi ilichanganywa na gundi isitambae, ikapigwa kwa vibao au rola za shaba, kisha kitambaa kikafukizwa kwa mvuke ndipo rangi ishike na kung'aa. Mwingereza John Mercer ndiye aliyegundua kwamba sufu ikipitishwa kwanza kwenye klorini hunywa rangi vizuri zaidi.

Tena si lazima kitambaa hicho kiwe sufu tupu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1830, viwanda vya Bradford, Uingereza, vilitumia mtande (nyuzi za urefu) wa pamba na mshindio (nyuzi za upana) wa sufu, bei ikashuka, na wanawake wasio matajiri wakaweza kununua. Fundi yeyote anajua namna ya kupima: chomoa uzi kwenye ukingo wa mshono uuguse moto. Sufu hujikunja na kunuka kama nywele zilizoungua. Pamba huwaka na kunuka karatasi. Kwa gauni la makumbusho, bila shaka, kazi hiyo aachiwe mtaalamu na hadubini yake.

Basi umri tuupime kwa nini? Kwa ushonaji. Kwenye picha yenu naona mikono ya kubana, kiuno kilichochongoka mbele, marinda madogo yaliyosongamana kiunoni, na kulabu zinazofungia mgongoni. Hayo yote kwa pamoja yananipeleka miaka ya 1840. Katika miaka ya 1850 magauni mengi ya mchana yalifungwa mbele, na mikono ikapanuka kuelekea kiganjani. Mwandishi ameongeza kwamba gauni limeshonwa kwa mkono. Sawa, lakini hilo nalo halitoshi, kwa kuwa cherehani ya Singer ilipotoka mwaka 1851 watu hawakutupa sindano zao.

Ombi langu ni moja. Mkirudi kwenye makumbusho hayo, mwombeni mhifadhi aligeuze gauni, mpige picha ya bitana, pindo na sehemu ya ndani ya marinda. Zambarau ya marere hupauka haraka ikipigwa na mwanga, kwa hiyo rangi iliyojificha ndani ya mshono ikiwa imekolea kuliko ya nje, tutakuwa na jambo la maana la kubishania.

Mwalimu wa ushonaji,
Tanga