Stendi ya tangi la samaki isichaguliwe kwa kutazama makochi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua ili nizungumzie ushauri mliouchapisha hivi karibuni katika makala ya mapambo ya nyumbani, kwamba anayenunua tangi la samaki achague stendi yenye rangi inayolingana na makochi na mapazia yake. Ushauri huo una nia njema, na mimi mwenyewe niliufuata nilipoanza kufuga samaki wa mapambo. Ndiyo maana siwezi kuunyamazia.

Stendi yangu ya kwanza ilikuwa kabati jeupe linalong'aa, lililotengenezwa kwa unga wa mbao uliogandamizwa na kubandikwa karatasi laini juu yake. Lilipendeza mno siku lilipoingia ndani. Haukupita mwaka, ukingo wa chini wa mlango ukaanza kuvimba, kwa kuwa kila nilipobadilisha maji, matone machache yaliteleza hadi kwenye kiungio ambacho karatasi haikukifunika. Nilipopapasa pale nilihisi ubao umelainika na kujikunja kama ngozi ya kidole kilichokaa majini muda mrefu, na tangu hapo mlango haukufunga tena. Mlango ningeuvumilia; kilichoninyima usingizi ni tangi lililokuwa juu yake.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi la lita 200, ambalo wafugaji wengi hawalihesabu kuwa kubwa, lina kilo 200 za maji kabla hujaongeza uzito wa kioo, changarawe na mawe, na mzigo huo haushuki begani usiku wala mchana. Kwa hiyo mtindo wa stendi, uwe wa miguu ya chuma iliyo wazi au wa kabati lenye milango, hauna budi kuanza na swali la jinsi uzito unavyoteremka hadi sakafuni: fremu ya juu iwe imekalia nguzo moja kwa moja, si kuning'inia kwenye skrubu zilizopigwa ubavuni, na mgongo uwe na ubao au chuma cha mshazari ili stendi isiyumbe. Uso wake uwe sawa kwa pima maji, kwa sababu kona moja ikishuka kidogo tu, kioo hulazimika kujipinda na maungio ya gundi ya silikoni huelemewa.

Kati ya mitindo hiyo miwili napendelea kabati, kwa kuwa linaficha chujio, mabomba na nyaya, mradi milango iwe mipana kiasi cha kulitoa chujio bila kulilaza, na mgongo uwe na matundu ya kupitisha hewa, maana unyevu ukifungiwa ndani huzaa kuvu. Anayefuga samaki wa maji ya chumvi asivutiwe upesi na fremu ya chuma. Chumvi hutambaa kila mahali, na kutu huanzia pale chuma kilipochomelewa.

Sasa nije kwenye rangi, ambako ndiko hasa ninakotofautiana na mwandishi wenu. Jicho la mtu hukimbilia penye mwanga zaidi. Taa ya tangi inapowashwa jioni, kabati jeupe lililo chini yake hurudisha mwanga na kushindana na samaki, ilhali kabati la rangi iliyokolea hunyamaza, na maji yakaonekana kama yanaelea hewani. Nililihakikisha hilo nilipoliweka tangi lilelile, na samaki walewale wekundu, juu ya stendi ya rangi ya mkaa: macho yangu yalibaki kwa samaki, hayakushuka tena kwenye milango.

Hata hivyo, nyeusi inayong'aa siipendekezi. Maji ya mahali pengi yana madini ya chokaa, na kila tone linalokauka juu yake huacha duara jeupe linaloonekana tangu mlangoni; nyeupe nayo huanika kutu na kila alama ya kijani ya mwani. Kijivu kilichokolea kisichong'aa, au hudhurungi ya mbao yenye mistari yake ya asili, husitiri yote mawili. Chumba kikiwa kidogo na chenye mwanga hafifu, kabati la rangi nzito hukielemea, na hapo ningechukua hudhurungi bila kusita.

Anayepaka mwenyewe azibe kwanza ncha za mbao, maana hapo ndipo mbao hunywa maji, kisha apake tabaka kadhaa za rangi ya mafuta au vanishi, na aiache stendi ikauke mbali na samaki mpaka harufu iishe kabisa. Pampu ya hewa huvuta hewa ya chumba kama ilivyo na kuipuliza ndani ya maji.

Makochi hubadilishwa na mapazia hushushwa, lakini tangi likishajazwa haliondolewi kwenye stendi bila kumwaga maji, kuhamisha samaki na kuanza karibu upya. Nawaomba, mtakaporudia mada hii, mmshauri msomaji apake rangi anazozifikiria kwenye vipande viwili vitatu vya mbao, avisimamishe usiku chini ya taa ya tangi, kisha aketi mahali anapoketi kila siku na avitazame kabla hajamlipa fundi.

Wenu,
Mfugaji wa samaki wa mapambo