Mwambie Mama asirudi Tanga kwanza

Mwanza

Mwanaidi shoga yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Ujumbe wako umenifikia. Unasema amemaliza wiki ya kwanza ya mionzi ya saratani ya shingo ya kizazi pale Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, hajasikia joto wala maumivu, damu bado inamtoka, na sasa anataka kurudi nyumbani kwa kuwa anaona mashine haimsaidii. Tafadhali msomee haya kabla hajafungasha.

Kutosikia joto ni kawaida. Dozi ya siku moja, grei 2 hivi (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), haipandishi joto la mwili hata kwa sehemu moja ya elfu ya digrii. Seli haziungui. Mionzi ikipita inang'oa elektroni kwenye atomi inazokutana nazo, na kwa kuwa seli kwa sehemu kubwa ni maji, mara nyingi maji ndiyo yanayopigwa. Molekuli ya maji ikivunjika hutoa vipande vikali mno. Havidumu hata sekunde, lakini vikizaliwa karibu na vinasaba muda huo unatosha kuvikata. Vinasaba vina nyuzi mbili zilizosokotana. Ukikatika uzi mmoja, seli huuunga kwa kufuata ule mzima. Zikikatika zote mbili mahali pamoja, mara nyingi seli hukosa pa kufuata, na inaweza kuziunga ovyo. Grei moja huacha katika kila seli mikato ya uzi mmoja ipatayo 1,000, na ya nyuzi zote mbili kama 40 tu. Katika hiyo 40 ndimo hupatikana inayoua.

Ila haiui siku ileile, na hapa ndipo Mama anapokata tamaa bure. Seli nyingi za uvimbe zikishapigwa huendelea kuishi kama kawaida mpaka ifike zamu ya kujigawanya. Hapo kromosomu, yaani vifurushi vya vinasaba, zilizoungwa ovyo hushindwa kugawanyika, seli ikafa. Nyingine hujigawanya mara moja au mbili, kisha kizazi chake chote kikakatika. Mwaka 1956, huko Denver, Marekani, Theodore Puck na Philip Marcus walizipiga eksirei seli za HeLa, wakaona baadhi ya zile zisizoweza tena kuzaana zinakua na kuwa kubwa kupita kiasi badala ya kufa papo hapo. Seli hizo zilitoka kwa Henrietta Lacks, aliyefariki mwaka 1951 kwa saratani ya shingo ya kizazi, ugonjwa uleule wa Mama. Kila nikimkumbuka mama yule moyo hunijaa, kwa sababu sehemu ya tunayoyajua leo kuhusu dozi tumeyapata kwenye seli zake.

Kwa hiyo uvimbe hupungua taratibu, wiki kwa wiki, na mwingine huendelea kupungua hata baada ya mionzi kwisha.

Dozi inagawanywa kwa siku 25 hivi ili seli zenye afya za kibofu na utumbo zipate saa za kujitengeneza kabla ya dozi inayofuata. Za saratani kwa kawaida hazijitengenezi vizuri hivyo, lakini akiruka siku zitapata nafasi ya kuongezeka tena. Tiba yote, pamoja na ile mionzi ya ndani inayowekwa mwilini karibu na uvimbe, inatakiwa imalizike ndani ya wiki 8.

Jambo jingine ni damu, kwa kuwa ndiyo inayopeleka oksijeni kwenye uvimbe. Seli yenye uhaba wa oksijeni huhitaji dozi karibu mara tatu ili ife. Waulize wamepima lini wingi wa damu wake, na wakisema aongezewe, akubali.

Akianza kuharisha wiki ya pili au ya tatu msishtuke: seli za utumbo nazo hujigawanya haraka, kwa hiyo nazo huumia. Awaambie wahudumu siku hiyohiyo, wampe dawa.

Kodi ya chumba cha Dar nitaituma mwisho wa mwezi, mwambie asiifikirie. Jumapili nitapiga simu baada ya magharibi nizungumze naye mwenyewe.

Wako,
Rehema