Wa Kampala nilimlipa kwa dakika kumi, wa Igoma wiki nzima

Mhariri habari za kazi. Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu, maana kila nikisoma habari za wasanii wetu nakuta lawama ni ile ile, eti Watanzania hatupendi kununua muziki tunapenda vya bure. Mi nabisha. Nauza dagaa hapa Mwaloni Kirumba na walio kwenye hii biashara wanajua siku za mbalamwezi kazi inalala, dagaa hawafuati taa, mitumbwi imepaki, basi tunakaa juu ya magunia na spika yetu ya bluetuthi mpaka jua linazama. Muziki tunalipia sana tu. Kijana wa kibandani anakujazia nyimbo mia tano kwenye memori kadi unampa buku mbili unaondoka unashukuru, na ile miito ya simu tulikuwa tunakatwa kila wiki mpaka unasahau kama uliomba. Hela inatoka, ila haimfikii mwenye wimbo.

Sasa sikia kisa changu. Mwanangu wa chuo alinionyesha Bandcamp, ni duka la mtandaoni lipo tangu 2008, msanii anaweka kazi mwenyewe anapanga bei mwenyewe, ukinunua unaushusha wimbo kwenye simu unakuwa wa kwako hata bando likiisha unasikiliza. Wenye duka wanakata asilimia 15 kwenye nyimbo za kushusha, na tangu Machi 2020 kuna Ijumaa zao maalum ambazo hata hiyo 15 wanaiacha. Nikapenda. Ng'ambo ya ziwa hapo Kampala kuna lebo inaitwa Nyege Nyege Tapes, hao tangu 2017 wanatoa singeli ya Dar na wanaiuza humo humo, nikatengeneza kadi ya kwenye simu nikaweka hela nikanunua, dakika kumi nyingi. Afu nikakaa nikawaza, singeli ya uswahilini Dar, mi niko Mwanza, naifuata Kampala kwa dola. Kama sangara vile, minofu inapanda ndege sisi tunagombania mapanki. Lebo siilaumu hata kidogo, wao angalau wamefungua duka.

Haya, turudi nyumbani. Kuna kijana wa Igoma anaimba Kisukuma, zeze na gitaa, anajirekodia chumbani kwake na magodoro kayaegemeza ukutani ili pikipiki za nje zisisikike (zinasikika, ila mi naona zinanogesha). Nikamuuliza mbona wewe haupo kule Bandcamp, akacheka. Akasema mama, kule msanii analipwa kwa PayPal, na PayPal ukifungulia akaunti hapa Tanzania unalipa watu ila kupokea hupokei. Kwa hiyo mi mteja mlango uko wazi, yeye muuzaji kafungiwa.

Basi yeye anauzia wasap. Anaweka kipande kifupi kwenye status, wimbo 2,000, unatuma hela kwenye namba yake afu anakutumia faili. "Mama naomba utume na ya kutolea." Nikabonyeza namba, jina likaja la mtu mwingine kabisa. Nikasitisha hapo hapo. Na nyie mnajua tunavyoishi na zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", mi nilishaliwa ya gunia zima kwa mtindo huo sirudii tena. Nikampigia hapatikani, kesho yake hapatikani, kumbe simu ilikuwa kwa fundi na laini ni ya kaka yake ndo alimsajilia. Wiki nzima nahangaika na buku mbili ambayo nataka mwenyewe kuitoa! Ningekuwa sina moyo ningeshaenda kibandani.

Na hapo nikiri kosa langu mbele ya wasomaji. Wimbo ulivyofika nikaufurahia nikamforwadia mdogo wangu aliyeko Nansio kule Ukerewe, bila hata kufikiria, naye akautupia kwenye grupu la kikoba chao. Jumapili ile ile bodaboda ananibeba kutoka sokoni anaupiga kwenye redio ya pikipiki yake. Nikamuuliza umeutoa wapi, akasema wasap. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999 lakini niambieni nani ataenda kumshtaki mdogo wake. Nilijisikia vibaya kwa sababu mi dagaa wangu hawapandi kenta mpaka hela imeingia, ya mwenzangu nikaigawa kama pipi za msibani.

Kwa hiyo ombi langu sio mtuhubirie tena tupende vya kwetu. Nataka lipa namba, yenye jina la msanii. Muuza nyanya wa Mlango Mmoja anayo, muuza chapati anayo, ukibonyeza linakuja jina la biashara unaweka namba ya siri umemaliza, habari ya kutolea haipo. Maafisa utamaduni wa Nyamagana na Ilemela wakiwaita hawa vijana hata siku moja tu wawaelekeze namna ya kusajili, watakuwa wamefanya kazi kubwa kuliko semina za posho. Na hawa watoto wetu wa kompyuta wanaotengeneza programu kila siku, tengenezeni duka kama lile la wenzetu ila lilipwe kwa simu, nikilipa saa nane usiku faili lije lenyewe, sio nimsubiri mtu aamke.

Kijana wa Igoma sasa hivi kapata lipa namba, jina linakuja lile la kisanii, na katoa wimbo mwingine. Mdogo wangu wa Nansio akaniomba, nikamwambia huu sikutumii, mlipe mwenyewe. Kabisha kabisha mwisho kalipa, ila kang'ang'ania kutuma kwenye ile namba ya zamani aliyokuwa kaisevu. Jana kijana kanipigia ananicheka, mama yule ndugu yako kaleta 2,000 kavu, ya kutolea hakuweka.

Muuza dagaa,
Mwaloni, Kirumba, Mwanza